Pumzi ya Fuso Kuukuu

Msafiri atokaye Iringa kuja Dodoma, akisha kulipita bwawa la Mtera, ambalo maji yake yakijaa husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, hana budi kuupanda mlima wa Fufu kabla hajaingia katika uwanda wetu wa Ugogo ulioinuka mita 1,100 hivi. Na katika mlima huo, alasiri moja ya Oktoba mwaka 2008, wakati barabara ile ilipokuwa ingali ya vumbi, niliketi juu ya jiwe nikalitazama lori langu lililosimama katikati ya njia, moshi ukifuka kutoka tumboni mwake hata mahali pa kijiti cha kupimia oili, huku utingo akihangaika kutafuta mawe ya kuzuilia magurudumu na dereva ameshika kichwa kwa mikono miwili. Juu ya lori hilo palikuwa na magunia 100 ya mahindi, amana ya watu wanne walionikabidhi mali yao. Ndani ya injini, kama nilivyokuja kuona kwa macho yangu siku tatu baadaye, pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imetoboka kichwani tundu la kupita kidole gumba, na kingo za tundu hilo zilikuwa laini, zimeyeyuka mfano wa nta. Tundu lile nililigharimia mwenyewe. Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemlipa fundi ili aliongezee lori langu nguvu, na nguvu ile niliyoinunua ndiyo iliyoitoboa pistoni.

Mimi ni mwenyeji wa Chamwino. Baba yangu alikuwa miongoni mwa wanakijiji waliofyatua matofali mwanzoni mwa miaka ya 1970, siku zile za Operesheni Dodoma ambapo Mwalimu Nyerere alikuja kukaa nasi na kushika kazi ya matofali pamoja na wakulima, na tangu utotoni nilimsikia mzee wangu akisema kwamba ardhi yetu hii kame, isiyoonja mvua ila miezi michache ya mwaka, humlipa mtu jasho lake na haimkopeshi kitu. Nilifundisha hesabu shuleni kwa miaka mingi, na nilipostaafu nilikichukua kiinua mgongo changu nikashuka nacho Dar es Salaam mwaka 2006, nikanunua Fuso lililokwisha kutumika Japani. Msomaji akaaye mbali na bara huenda asijue Fuso ni nini kwetu. Ndilo gari liletalo mahindi katika soko la Kibaigwa na liyatoayo humo. Ndilo lichukualo zabibu za Mvumi na Hombolo, mchanga wa makorongo, mawe ya msingi, samaki wa Mtera, na siku ya msiba huchukua ukoo mzima. Langu lilikuwa la magurudumu sita, kebini yake ya kuinamishwa mbele, na injini yake ni ile mafundi waijuayo kwa jina la 6D14: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita sita na nusu, nguvu za farasi 160 hivi ilipokuwa mpya, na haina turbo.

Tangu safari ya kwanza ya kuja bara nilitambua kwamba lile lori halina nguvu. Katika tambarare za Chalinze lilikwenda vyema, lakini tulipoiacha Morogoro nyuma na kuanza kupanda kuelekea Gairo liliregea, dereva akarudisha gia mara mbili, kisha mara ya tatu, na malori mengine yenye mzigo kama wetu yakatupita. Miaka miwili nilivumilia. Mwaka wa tatu, baada ya kupoteza mteja aliyechoka kungojea mzigo wake, nilikwenda kwa fundi mmoja ambaye sina haja ya kumtaja, naye akaniambia kwamba dawa ni moja tu, kuifungua pampu. Katika pampu ya dizeli ya injini hizi kuna skrubu inayoweka mpaka wa mafuta yaendayo katika silinda pindi dereva akanyagapo mpaka mwisho, na skrubu hiyo hutoka kiwandani imefungwa waya wenye lakiri ya risasi, ili kila aionaye ajue kwamba si kitu cha kuchezewa. Fundi aliukata waya, akaizungusha skrubu, akanikabidhi ufunguo. Sitakanusha kwamba juma la kwanza lilikuwa la furaha. Lori lilivuta, dereva alicheka, na nyuma yetu ulitanda moshi mweusi mzito ambao sote wawili, kwa ujinga wetu, tuliuona kuwa ni bendera ya ushujaa.

Nami nilikuwa mwalimu wa hesabu! Laiti ningalikaa chini usiku mmoja na kalamu, ningaliuona ukweli wote kabla sijauona katika pistoni. Walakini mtu aliyeshikwa na tamaa huiweka elimu yake kabatini kwanza.

Lori lilivutwa hadi Dodoma, na huko, pembezoni mwa mji, nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa hafanyi kazi nyingine ila ya pampu na nozeli. Alikuwa mtu wa Pangani, aliyeanza ujana wake katika injini za mashua na kuletwa bara na ndoa, mtaratibu wa usemi, mwenye kanzu iliyopauka aliyoivua kila asubuhi na kuitundika msumarini kabla ya kuvaa nguo za kazi. Nilipomweleza kisa changu na kumwomba aitengeneze injini kisha aiongeze nguvu kwa njia nyingine iliyo salama, hakujibu upesi. Aliishika ile pistoni iliyotoboka, akaigeuza juani, akaniuliza:

“Mwalimu, chombo cha tanga kikikosa upepo, nahodha huongeza nini? Abiria?”

“Hapana, mzee.”

“Nawe umeongeza abiria. Injini hii haina wa kuipulizia. Pumzi ivutayo ni hii hii tuivutayo mimi nawe hapa tulipoketi. Ukiizidishia mafuta na pumzi ni ile ile, mafuta yaende wapi? Nusu yake yatakuwa moshi, na nusu yatakuwa moto usio na kazi.”

Maneno hayo yalinirejesha katika hesabu, na usiku ule niliifanya. Kilo moja ya dizeli, ili iungue yote pasibaki kitu, hutaka kilo 14 na nusu za hewa, na katika injini ya namna hii, ambamo mafuta hurushwa na kuwaka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, haifai hewa iwe chini ya kilo 18 hivi, kwa kuwa chembe nyingi za mafuta haziwahi kukutana na hewa yake. Hewa ni nyepesi mno. Lita moja tu ya dizeli, ambayo hutosha katika chupa ya maji, huhitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa, yaani mapipa 50 ya lita 200 yakiwa tele. Na mapipa yote hayo hayana mlango mwingine wa kuingilia ila bomba moja lililosimama nyuma ya kebini. Rudolf Diesel, yule Mjerumani aliyeifanya injini hii iende kwa mafanikio mjini Augsburg mwaka 1897, alijenga kazi yake yote juu ya jambo hili, kwamba hewa ikibanwa sana hupata moto wa kutosha kuwasha mafuta bila cheche. Na kila kitu kingine kilichokuja baadaye, pampu za Bosch za miaka ya 1920 na mengineyo, ni njia za kuipelekea hewa hiyo mafuta kwa kipimo chake. Hewa ndiyo mwenye nyumba. Mafuta ni mgeni wake.

Fauka ya hayo, hewa ya Dodoma si hewa ya Dar es Salaam. Tupandapo kutoka pwani hewa huwa nyepesi zaidi, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila mita 300 huipunguzia injini isiyo na turbo kama asilimia 3 ya nguvu zake. Katika uwanda wetu hasara hiyo yapata sehemu moja ya kumi. Katika farasi wangu 160, basi, kumi na sita au zaidi walikuwa wametoroka njiani kabla ya gari kufika Chamwino, na pampu, ambayo ilikuwa haina habari ya kupanda wala kushuka, iliendelea kuleta mafuta ya kuwalisha farasi wote 160. Ndiyo kusema kwamba hata kabla ya fundi wa kwanza kuigusa, pampu yangu ilikuwa tayari inazidisha kidogo kwa hewa ya hapa. Na yeye akazidisha juu ya zidisho. Mafuta yaliyozidi yaliwaka kwa kuchelewa, joto likapanda ndani ya silinda, na alumini, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 660, ilifanya vile ilivyoumbwa kufanya. Mzigo wa magunia 100, mlima wa Fufu, jua la Oktoba na upepo uliotoka nyuma, usioipa rejeta nafasi ya kupoa, vilikuwa mashahidi tu.

Injini ilipokwisha kufungwa upya, pistoni na ringi mpya na heda kuchongwa, nilitazamia mzee aanze na pampu. Siku nne nzima hakuigusa. Alianza na pedali ya mafuta: alimweka utingo akanyage mpaka sakafuni, naye akaenda kuutazama mkono wa pampu, akaniita nione kwamba mkono ule hauufikii mwisho wake, kwa sababu waya ulikuwa umenyooka kwa miaka na zulia nene la mpira nililolinunua kwa ajili ya usafi lilikuwa limeizuia pedali. Upana wa kidole kimoja ulikuwa umepotea hapo. Gari lililodaiwa kukosa nguvu lilikuwa halijapata kukanyagwa sawasawa tangu nilinunue! Nilikaa kimya, kwani sikuwa na la kusema.

Kisha akaja kwenye njia ya hewa, na hapa ndipo alipokaa muda mrefu kuliko popote. Katika Fuso bomba la hewa hushuka nyuma ya kebini, na kwa vile kebini huinamishwa, pale bomba linapokutana na sehemu iliyofungwa katika chesesi huwekwa mpira wenye mikunjo. Mpira wangu ulikuwa umepasuka upande usioonekana. Kwa ufa ule lori lilikuwa likivuta hewa ya moto itokayo kwenye injini pamoja na vumbi la barabara zetu, vumbi jekundu lenye mchanga wa kusaga chuma; na ile filta ya karatasi iliyopasa kuzuia vumbi ilikuwa imepigwapigwa kwenye tairi na mautingo wa zamu mbalimbali, na kupulizwa kwa upepo wa kompresa kwa karibu mno, hata ikawa na vitobo ambavyo mzee alinionyesha kwa kuweka taa ndani yake gizani. Ilikuwa imeziba mahali pa kupitisha hewa na imetoboka mahali pa kuzuia vumbi. Nimewaona wenye malori, hata hapa Chamwino, waondoao filta kabisa ili gari livute. Nalo huvuta kwa majuma machache, kisha ringi na silinda husagika, oili huanza kuungua, na nguvu iliyotafutwa hutoka kwa mlango mwingine na hairudi ila kwa fedha nyingi. Nawasihi wasifanye hivyo. Filta mpya ni bei ya siku mbili za kazi. Silinda ni bei ya mwaka.

Siku ya pili alimwagiza utingo aingie chini ya gari. Kijana alisita, kwa kuwa mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope, na mzee akamwambia kwa upole, “Mwanangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame.” Kijana akainama. Katika bomba la moshi la malori haya kuna kibati kinachojifunga dereva anapotumia ile breki ya kuzuia moshi wakati wa kushuka milima, nacho hupaswa kulala wazi kabisa gari linapovuta. Changu kilikuwa kimeshikwa na masizi, kimelala nusu. Kwa miaka miwili injini yangu ilikuwa ikipumua kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja: haivuti ya kutosha mbele, wala haitoi ya kutosha nyuma. Kilisafishwa kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, kikatiwa grisi ya moto, na kazi yote ilichukua saa moja na nusu.

Kulikuwa na mengine ambayo sitayaeleza kwa urefu: chujio dogo la waya ndani ya pampu ndogo ya kuvutia mafuta, ambalo mafundi wengi hawalijui kuwa lipo, lilikuwa limejaa ukungu mweusi, nafasi za valvu zilikuwa hazilingani, breki ya gurudumu moja la nyuma ilikuwa ikishika bila kuamriwa, hata ngoma yake ikawa haigusiki kwa joto. Nozeli sita zilipopimwa kwenye mashine ya mkono, mbili zilipiga ukungu laini kama pumzi ya asubuhi, na nne zilidondosha. Mafuta yanayodondoka hayawaki vizuri hata hewa ikiwa tele. Nozeli zile zilibadilishwa, na hapo tu, siku ya tano, mzee akaishusha pampu, akaipima, akairudisha skrubu ile mpaka nyuma ya alama ya kiwanda kwa kipimo kidogo alichokipatanisha na hewa ya uwanda wetu, akairekebisha taiming, kisha akafunga waya mpya na kuibana lakiri kwa koleo. Aliniambia kwamba yeyote atakayeikata lakiri ile asimletee tena gari.

Juu ya mafuta yenyewe alikuwa na maneno makali, nayo yalithibitika miaka miwili baadaye, pale neno uchakachuaji lilipoenea nchi nzima. Mafuta ya taa yalikuwa na bei nafuu kuliko dizeli, na wasio na insafu waliyachanganya. Na mafuta ya taa hayana ule utelezi ambao ndio oili ya vyuma vya ndani vya pampu, hivyo pampu husagika taratibu na gari hupungua nguvu bila mwenyewe kujua lini lilianza. Serikali kupitia EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili faida ya kuchanganya iondoke. Hatua ile iliwaumiza maskini wawashao vibatari, na ni haki kulisema hilo. Lakini kwa pampu za malori ilikuwa rehema.

Tulilijaribu lori usiku, kwa shauri la mzee mwenyewe. Alisema kwamba madereva wote wa zamani hujua kuwa gari huvuta zaidi alfajiri, na wengi hudhani ni kwa sababu dereva hajachoka. Kumbe hewa ya baridi ni nzito, na kila nyuzi 10 zikipungua hewa huzidi uzito kwa asilimia 3 au zaidi. Tulishuka Mtera tukapakia, na saa kumi za usiku tukaanza kuupanda Fufu. Pale ambapo zamani dereva alishuka mpaka gia ya kwanza na kuomba dua, tulikwenda kwa gia ya pili bila kukanyaga mpaka mwisho. Kipimajoto kilisimama nusu. Mafuta yaliyotumika safari ile, nilipoyapima kituoni asubuhi, yalikuwa pungufu ya desturi kwa lita 19. Hakuna farasi hata mmoja aliyeongezwa katika injini ile juu ya wale iliyotoka nao kiwandani; waliorudi ni waliokuwa wamefungwa kamba.

Hata hivyo nafsi ya mwanadamu haitosheki. Mwaka 2011 nilisikia habari za watu waliofunga turbo katika injini kama yangu, nikarudi kwa mzee na swali hilo. Turbo si uchawi wala si bidaa ya jana: Mswisi Alfred Büchi aliiandikisha hati yake mwaka 1905, na maana yake ni kuutumia moshi utokao kwa kasi uzungushe feni, na feni hiyo iisukumie injini hewa kwa nguvu, mfano wa mashua inayojipulizia tanga lake yenyewe. Kwa sisi tukaao juu ina fadhila ya pekee, maana hurudisha ile sehemu ya kumi tuliyonyang'anywa na kuongeza nyingine. Lakini mzee alinionyesha jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Injini iliyozaliwa na turbo, kama ndugu yake ile iitwayo 6D14T, haitofautiani na yangu kwa turbo peke yake. Pistoni zake si zile zile, hurushiwa oili kwa chini ili zipoe, na rejeta yake na mpangilio wa pampu yake vilifikiriwa pamoja tangu mwanzo. Kuichukua injini isiyo na vitu hivyo na kuifunga turbo ni kumpa mzee wa miaka sabini mapafu ya kijana na kumwacha na moyo wake ule ule. Inawezekana, alisema, iwapo shinikizo litakuwa dogo na kipimajoto cha moshi kitawekwa mbele ya macho ya dereva na dereva atakitii. “Una dereva wa hivyo, Mwalimu?” Nilishuka Gerezani, Dar es Salaam, kuuliza bei za injini nzima zenye turbo, nikaona kwamba anayetaka turbo kwa dhati ni afadhali abadili injini yote, na kwamba bei yake ilikuwa nje ya uwezo wangu. Mpaka leo naishika rai hiyo.

Lakini nguvu kubwa kuliko zote niliipata mahali ambapo hakuna fundi. Niliipata katika daftari. Lori langu tupu lina uzito wa tani 5 hivi. Magunia 100 yenye kilo 100 kila moja ni tani 10, jumla 15. Na hapo nahesabu magunia halali, kwa kuwa lumbesa, lile gunia lishonwalo kilemba juu, huvuka kilo 100 ambazo sheria imeziwekea mpaka, na katika kila magunia 100 ya lumbesa mna tani nzima au mbili za siri. Mlimani nguvu ipasayo kwa mwendo ule ule hulingana na uzito. Nikipakia magunia 70 badala ya 100, jumla huwa tani 12. Na 15 kwa 12 ni sawa na kuongezewa robo ya nguvu, farasi 40 katika 160, bila turbo, bila kuikata lakiri, bila moshi, na bila hatari ya pistoni. Hata kupunguza magunia kumi tu katika 70 hurudisha karibu sehemu yote ile ambayo mwinuko wa Dodoma umetunyang'anya. Nilipoiona hesabu hii ilivyo nyepesi niliona haya, kwa maana ningeweza kuwapa watoto wa darasa la sita wakaimaliza kabla ya kengele.

Wenzangu wenye malori hupinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Husema kwamba magunia 30 yaliyobaki chini ni nauli iliyobaki chini, na kwamba mwenye watoto shuleni halipi ada kwa hewa safi. Nami nawajibu kwa daftari lile lile. Katika mwaka wa magunia 100 lori langu lililala gereji siku 74, lilimaliza matairi ya nyuma mara mbili, na likaua injini. Katika mwaka wa magunia 70 lililala siku 11, na safari zikaongezeka kwa kuwa zilikwisha mapema. Nauli ya mwaka wa pili haikuwa kubwa kwa kila safari. Ilikuwa kubwa kwa mwaka. Sidai kwamba kila mtu atapata hesabu kama yangu, kwani njia na mizigo hutofautiana. Nadai tu kwamba aliandike daftari lake kabla ya kumlipa mtu amfungulie pampu, na kwamba siku ya kuliandika awe mkweli kwa nafsi yake, asiziache nje gharama zile zinazomtia aibu.

Yule mzee alifariki mwaka 2014, akazikwa huku bara, mbali na bahari aliyoipenda. Siku ya maziko wenye malori walifika kutoka Kibaigwa, Manchali na Buigiri, na magari yao yakapangwa kando ya njia kwa urefu ambao sikuupata kuuona katika maziko ya mtu asiye na cheo. Hakuwahi kuona lami ikikamilika kutoka Iringa hadi Dodoma, kilomita 260, barabara iliyozinduliwa mwaka 2018. Wala hakuwahi kuona malori ya mchanga na mawe yalivyofurika hapa kwetu Serikali ilipohamia Dodoma, hata Ikulu mpya ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023 mahali ambapo baba zetu walifyatua matofali. Lori langu lilibeba sehemu ndogo ya mawe yale.

Nimelikabidhi sasa kwa mwanangu wa pili, pamoja na daftari. Injini ni ile ile, pampu ni ile ile, na lakiri ya mzee ingali katika waya wake ulioota kutu. Juma lililopita lilipanda Fufu alfajiri na magunia 70, kwa gia ya tatu.